Kula ya Wanamichezo

"Kikombe cha tatu hicho, Luhende! Cha tatu mwezi huu!"

"Sasa Madam, kikombe kikianguka kabatini kwako, mimi nimekisukuma na nini?"

"Na hilo dude lako! Umelibwaga chini, ukuta wangu umetikisika, kikombe kimeshuka. Na si kikombe cha sokoni hicho. Ni seti niliyopewa siku nastaafu!"

"Nitatandika matairi chini, nimeshasema."

"Ulisema matairi mwezi wa kwanza. Tuko mwezi wa ngapi?"

Ukuta wa matofali uliowatenganisha ulimfika Luhende kifuani na Madam Bernadetta kidevuni, kwa hiyo yeye alikuwa amepanda ndoo. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Buswelu nzima ilikuwa njiani. Mama mmoja wa maandazi alitua beseni lake chini, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Madam alifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na minne, na hata kwenye ugomvi alinyoosha vidole viwili na gumba kama mtu aliyeshika chaki. Alimwonyesha Luhende nyufa. Alimwonyesha mahali picha ya Bikira Maria ilipokuwa inaning'inia kabla haijahamishiwa chumbani kwa usalama wake. Luhende alikuwa na jibu kwa kila kimoja: nyufa ni za fundi wake, picha msumari wake ulikuwa mfupi.

"Na leo hata hao wanafunzi wako hawapo!" Madam akapaza sauti. "Wako Sengerema tangu Jumatano, mtaa mzima unajua. Unambwagia nani chuma alfajiri yote hii?"

Luhende akajifuta vumbi la zege kwenye kaptula.

"Nafanya mazoezi tu, Madam."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Madam akashuka kwenye ndoo. Mama wa maandazi naye akajitwika beseni akaondoka. Ugomvi ulikuwa umeishiwa utamu.

*

Uwanja wa Luhende ungeuona ungedhani fundi rangi amefilisika hapo. Makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, yameunganishwa kwa bomba la maji. Magunia ya mchanga wa ziwani. Tairi la lori, kamba ya meli, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vimetundikwa kwenye msumari. Kila chuma alikipima kwa mizani ya pamba, kwa hiyo hakuna uzito uliokaa sawa: kilo kumi na saba na nusu, thelathini na moja, arobaini na nne na kidogo.

Ujanani alibeba marobota ya pamba kiwandani, na huko ndiko alikojifunza kazi hii. Mgongo wima, miguu ndiyo ibebe. Wiki tatu unapanda uzito, ya nne unapumua. Cheti hakuwa nacho. Lakini miaka tisa sasa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanamichezo wa chuo kilicho juu ya barabara walishuka kwake alfajiri, wacheza mpira, wakimbiaji, warusha tufe, na yeye aliwahesabia kwa Kisukuma, na Mhaya na Mjita wote wakafuata. Mwaka huu walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alikuwa na kopo lake, jina limeandikwa kwa mkaa.

Kopo zito kuliko yote ya wasichana lilikuwa na jina la EVELINA, mrusha tufe kutoka Magu, binti mrefu mwenye bega la kubomoa mlango. Alipokuja mara ya kwanza, kila akichuchumaa na chuma, goti lake la kushoto lilikimbilia ndani. Luhende alimfunga mpira wa baiskeli juu ya magoti, akamwambia aupanue kwa nguvu akiwa anashuka. Miezi minne. Goti likakaa. Evelina ndiye aliyepewa ufunguo wa akiba wa geti, ili akiwahi awafungulie wenzake.

Mkewe Luhende, Tereza, alikuwa ameondoka kwenda Kahama kwa binti yao aliyejifungua mapacha. Alisema wiki mbili. Mapacha sasa walikuwa wanakimbia. Kwa hiyo watu waliomwamkia Luhende shikamoo ndani ya geti lake walikuwa hao kumi na wanne tu, na mwezi uliopita chuo kilimletea barua. Kuna jimu mpya mjini, barua ilisema, yenye mashine na mwalimu mwenye cheti. Suala la wapi mazoezi ya nguvu yafanyike kuelekea mashindano ya vyuo litaamuliwa na wanamichezo wenyewe kwa utaratibu watakaojulishwa. Saini ilikuwa ya Bwana Obedi, mwalimu wa michezo.

Luhende alikwenda siku moja kuichungulia hiyo jimu. Aliona vioo ukuta mzima na mkanda ambao mtu anakimbia juu yake hafiki. Kijana wa mapokezi alimuuliza, "Mzee, umeleta maji ya kunywa?" Akajibu hapana, akatoka.

*

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa, saa kumi jioni, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, wa Evelina. Walikuwa kwenye kivuko cha Kamanga wanarudi, injini inanguruma, na upepo unakula nusu ya maneno.

"Shikamoo Kocha! Kesho saa saba ni kula ya wanamichezo..." Upepo. Honi. "...Bwana Obedi amekubali na wewe uwemo. Tuko wote kumi na wanne. Kocha, kula yako tunaitegemea sana. Usituangushe!"

Luhende akaisikiliza mara tatu, simu kaigandamiza sikioni. Akakaa juu ya tairi. Akacheka peke yake. Watoto wanataka kuja kula. Na Bwana Obedi karidhia! Kabla ya kuamua wameona waje wakae naye kwanza, kama watu. Wakishakaa hapa wakala, wakacheka, wakatukanana kama kawaida yao, nani atakumbuka vioo?

Alimpigia Evelina, simu haikupatikana. Kuandika kwenyewe kulikuwa kazi kwa vidole vile. Akaandika: *Nimesikia. Niko tayari. Msijali.*

Kisha akampigia mkewe.

"Mama Kabula, wali wa watu kumi na wanne ni kilo ngapi?"

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Watoto wa chuo wanakuja kula."

"Wale wabeba vyuma? Mwenzangu, kila mmoja mhesabie wawili." Nyuma yake mtoto alilia, na mwingine akaitikia. "Na nani atakupikia?"

"Mimi."

Tereza akacheka mpaka akakohoa. "Usikoroge wali, Luhende. Ukishafunika, acha. Usifunue funue kama unatafuta kitu."

"Utakuja lini?"

"Pasaka."

"Pasaka ipi?"

Tereza akasema mtoto ameshika kisu, akakata simu.

*

Sufuria kubwa kuliko yote upande ule wa Buswelu lilikuwa kwa Madam Bernadetta. Luhende alizunguka kwa mlango wa mbele, akapiga hodi kama mgeni wa mbali.

Madam alimtazama kuanzia kandambili kwenda juu. "Umeleta kikombe?"

"Nimekuja kuazima sufuria, Madam."

"Asubuhi ulinivunjia, jioni unaniazima."

"Ndiyo, Madam."

Jibu hilo halikumpa pa kushika. Akaingia ndani, akarudi amelikumbatia. "Sufuria si langu, ni la jumuiya. Likiungua chini, utawaeleza wewe mwenyewe na katekista. Sahani unazo?"

"Ninazo mbili. Zilikuwa sita, nne Tereza alizibeba."

"Unataka ngapi?"

"Kumi na nne."

"Mawe! Una harusi?"

"Wanamichezo wangu wanakuja kula."

Madam akarudi ndani kabatini. Alihesabu sahani kwa sauti, moja moja, kama anasahihisha mitihani. "Kumi na nne zinatoka, kumi na nne zinarudi."

*

Jumamosi Luhende aliamka mapema kuliko siku za mazoezi. Alikwenda mwaloni, kwenye soko la samaki, akachagua sato mwenyewe, akawabeba mkononi wamefungwa kwa kamba ili kila atakayekutana naye aone. "Ngosha, kuna nini kwako?" Wasukuma wenzake wakauliza. "Wageni," akajibu, na hakupunguza mwendo. Mpaka saa nne habari ilikuwa imefika kwa kinyozi, na kinyozi akaongeza mbuzi.

Alipika nje, kwa kuni. Simu aliiacha chumbani inakula chaji. Alikaanga samaki kwa mafungu, akaunga mchuzi wa nyanya, akachambua mchicha, na wali alipoufunika hakuufunua. Akaburuta mabenchi. Akafuta makopo vumbi, akayapanga majina yatazame geti. Sahani alizifunika kwa kitenge cha Tereza.

Saa saba ikafika. Saa saba na nusu. Luhende alioga, akavaa shati la mikono mirefu.

Saa nane alikwenda kutazama simu. Evelina alikuwa amepiga mara mbili, saa saba na robo. *Walikuwa wananiambia wako njiani*, akajiambia. Akampigia. Ikaita mpaka ikakoma.

Akatoka hadi barabarani. Watoto wa jirani walipita wakanusa, wakasimama. Akawaambia wasubiri, kwanza wageni. Wakasubiri kidogo, wakachoka, wakaenda zao. Kila sauti ya viatu vya mpira kwenye changarawe ilimfanya ageuke. Kinyozi akamwita kutoka kibandani, "Mzee, mbuzi bado hajaiva?" na wateja wakacheka. Luhende naye akacheka, kwa adabu, akarudi ndani, akafunga geti. Halafu akalifungua tena, likabaki wazi kidogo.

Saa tisa na nusu mafuta yalikuwa yameanza kuganda juu ya mchuzi.

*

Kilichomtoa Madam Bernadetta nyumbani kwake hakikuwa sufuria, ingawa ndilo alilolitaja. Alikuwa amekaa tangu saa saba akingoja kelele ili akasirike. Alikuwa hata amekwisha panga maneno. Kelele haikuja. Akasikia ufagio ukifagia mahali pamoja, muda mrefu, mahali ambapo bila shaka palishakuwa safi.

"Nimekuja kuona kama sufuria limeungua," akasema getini.

"Halijaungua."

Akaona mabenchi. Akaona kitenge juu ya sahani, na makopo yenye majina. Akaketi bila kukaribishwa.

"Walisema saa ngapi?"

"Saba."

"Walisema wenyewe? Hukuota?"

Luhende akampa simu kumkomesha. Madam akavaa miwani, akabonyeza. Injini ya kivuko ikanguruma uwanjani. *Kula yako tunaitegemea sana. Usituangushe!*

Madam akabonyeza tena. Mara ya tatu alifumba macho, vidole vyake vimeshika ile chaki isiyokuwepo.

"Huyu binti ni Msukuma?"

"Wa Magu."

"Luhende." Aliitoa sauti ndogo ambayo ukuta ule haukuwahi kuisikia. "Amesema kula *yako*."

"Ndiyo. Kula yangu. Chakula changu."

"Ingekuwa chakula angesema kula *kwako*. Kula kwako, kuimba kwako, kulala kwako. Hakuna kula *yako* katika Kiswahili." Akasita. "Iliyopo ni kura. Kura yako. Huyu mtoto hana *r*. Na wewe huna. Leo saa saba walikuwa wanapiga kura."

Luhende aliitazama simu kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Kula," akarudia taratibu.

"Kura."

"Kula."

Madam hakumsahihisha mara ya pili. Kwa miaka thelathini na minne aliwacheka watoto kwa kosa hilo, darasa zima likacheka naye, na mmoja aliwahi kusimamishwa mbele aseme "rudi rula" mpaka akalia. Akajikuta anakunja ncha ya kitenge cha Tereza na kuikunjua.

"Piga simu chuo," akasema. "Waeleze."

"Niwaeleze nini? Kwamba nilidhani wanakuja kula?" Luhende aliangalia wali. "Bwana Obedi atasimulia mpaka astaafu."

Akachota wali kwenye sahani moja, akaweka samaki, akamwekea Madam mapajani. Madam alikula kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Wali haukuwa umekorogeka.

*

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la Madam geti liliposukumwa. Alikuwa Evelina, peke yake, na suruali ya michezo ya chuo. Viatu vilijaa vumbi, alikuwa ametembea. Mkononi alishika ufunguo.

"Shikamoo Kocha. Shikamoo Madam."

"Marahaba."

Hakuingia. Alisimama palepale kwenye kizingiti ambacho kwa miaka miwili alikivuka akikimbia. "Nimeleta ufunguo," akasema, akaunyoosha mkono.

Luhende aliinuka, magoti yakalia. Aliona midomo ya yule binti imekauka, na bega moja limeshuka kama anavyokuwa akichoka. Likamtoka swali ambalo lingemtoka kwa mtu yeyote aliyesimama getini kwake saa ile.

"Na kula je, Evelina?"

Uso wa binti ukaanguka.

"Nilipigia jimu, Kocha."

Kijiko cha Madam kikasimama hewani.

"Nane kwa sita," Evelina akaendelea, haraka, kama mtu anayeshusha uzito uliomzidi. "Mimi nilikuwa wa mwisho kuandika. Kiti chako kilikuwa mbele, ubavuni kwa Bwana Obedi. Nilitoka nje kukupigia mara mbili. Bwana Obedi akasema, mnaona, mwenyewe hana habari na nyie. Wakacheka, Kocha. Mimi ndiye niliyewaambia wote utakuja. Niliwaonyesha, uliandika uko tayari. Nikaona basi, kama mwenyewe hatutaki. Nikaandika jimu." Alijifuta pua kwa mkono wa jezi. "Ilikuwa hasira. Nimeona nije niseme mwenyewe kuliko usikie kwa watu."

Madam Bernadetta alikuwa amekwisha piga hesabu. Mmoja atoke kwenye nane arudi kwenye sita, saba kwa saba, na ya Luhende juu yake. Akaweka sahani chini.

"Wewe binti," akaanza, "unajua ulichokisema kwenye simu? Ulisema ku..."

"Madam."

Luhende alikuwa ameinua kiganja, kile kile alichowainulia vijana wake wanapoanza kupinda mgongo na chuma kikiwa bado juu. Madam hakuwahi kunyamazishwa upande ule wa ukuta, wala upande wake.

"Nilisema nini, Madam?" Evelina akauliza.

Madam alitazama miguu yake. "Kulikuwa na upepo," akasema. "Hamkusikilizana."

Luhende aliupokea ufunguo, akautia mfuko wa shati. Ulikuwa bado na joto la mkono.

"Goti linakuvuta?"

"Kidogo. Nikishuka mlima."

"Huko mwambie mwalimu akufunge mpira. Juu ya magoti, si chini. Wengi wanafunga chini." Akaenda kwenye msumari, akatungua kipande kimoja cha mpira wa baiskeli, akakivuta kuona kama hakijachoka, akampa. "Kama hawana, tumia huu. Na wiki ya nne usikubali kuongezewa uzito, hata wakikuchekea."

Evelina alikipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoona mabenchi. Macho yake yakaenda kwenye sufuria, kwenye samaki waliopangwa, kwenye kitenge na umbo la sahani zilizo chini yake, mpaka kwenye kopo lenye jina lake lililofutwa vumbi.

"Una wageni, Kocha?"

Luhende alifunua kitenge, akatoa sahani iliyokuwa juu, akaifuta kwa mkono mrefu wa lile shati lake ingawa ilikuwa safi. Madam Bernadetta alisogea mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Mimi nilikuuliza chakula," Luhende akasema. "Umeshakula?"

"Bado."

"Basi ingia, mwanangu. Wali upo."